Kompyuta ya nyumbani inaganda na kujizima: okoa picha kwanza, kisha uchunguze diski

*"Mtaalamu, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Tuna kompyuta ya mezani tuliyoinunua Kampala mwaka 2017 ikiwa tayari imetumika. Ni Core i3 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Nikiiwasha asubuhi naweza kuchemsha chai na kuimaliza kabla haijakubali kufungua kitu. Ikifunguka inaganda, kipanya hakisogei, baadaye inarudi yenyewe. Mchana inajizima ghafla, hasa jirani yangu anayechomelea mageti akianza kazi. Siku hizi saa yake pia inarudi nyuma miaka mingi, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Fundi wa kwanza ameipiga Windows mara tatu. Kila mara inakuwa nzuri wiki mbili hivi, kisha yaleyale. Wa pili alisema ni virusi, akaongeza antivirusi juu ya ile iliyokuwepo. Wa tatu anasema imezeeka, niitupe. Binti yangu yuko S.5, yaani kidato cha tano, na anaisomea. Mimi naweka humo hesabu za kikundi chetu cha akiba na picha zote za familia, pamoja na za marehemu baba yake. Hizo ziko salama, ziko kwenye D. Nina shilingi za Uganda laki mbili na nusu. Nifanye nini?"*

Mama, pole kwa usumbufu huu wote, na asante kwa kueleza dalili moja moja. Umenisaidia kuliko mtu anayesema tu "kompyuta imeharibika". Ila kabla ya kufika kwenye kuganda na kujizima, kuna sentensi moja katika swali lako iliyonitia hofu: "Hizo ziko salama, ziko kwenye D."

Haziko salama. C na D katika kompyuta yako ni sehemu mbili za diski ileile moja, zimetengwa kwa mpaka wa programu tu. Fundi anapopiga Windows anafuta C na kuiacha D, ndiyo maana picha zako zimepona mara zote tatu. Kwa hiyo D inakukinga na kazi ya fundi, lakini diski yenyewe ikifa, C na D zinakufa siku moja. Na dalili ulizotaja zinanifanya niishuku diski kabla ya kitu kingine chochote.

Basi kazi ya kwanza ni kuokoa vitu vyako, na ifanyike kabla fundi yeyote hajaigusa tena. Usisafishe virusi, usipige Windows, na usikubali mtu aendeshe zoezi la "kurekebisha diski", kwa sababu zoezi hilo huilazimisha diski mgonjwa kusoma kila kona yake kwa saa nyingi, na ni humo ambamo nyingine hukata roho. Tafuta flashi ya GB 64 au diski ya nje. Iwashe kompyuta asubuhi na mapema, jirani hajaanza kuchomelea, na unakili folda ndogo ndogo: kwanza hesabu za kikundi, kwa kuwa ni faili chache na hazichukui nafasi, kisha picha za marehemu, kisha zilizobaki. Folda ikikwama muda mrefu, iache, endelea na nyingine, uirudie mwishoni. Ukimaliza, chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine na ufungue picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Usitosheke na kuona majina ya faili, kwa sababu kuna flashi bandia zinazoandikwa ukubwa zisiokuwa nao: zinapokea kila kitu na kuonyesha majina yote, lakini ndani hamna picha. Ukiona kitu kinachodai kubeba terabaiti mbili kwa bei ya flashi ya kawaida, kiache dukani. Hesabu za kikundi jitumie pia kwa barua pepe, na uzichape kwenye karatasi. Picha za baba wa watoto zikae mahali pawili tofauti, na nakala moja isiwe ndani ya nyumba hiyo. Mpe ndugu unayemwamini.

Hilo likishafanyika tunaweza kuzungumza bila wasiwasi.

Mafundi wako watatu walitafuta jina moja la ugonjwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipokosea. Mimi naona matatizo matatu yaliyokutana ndani ya sanduku moja. Uzito na kuganda ni jambo moja, kujizima ghafla ni jambo la pili, na saa kurudi nyuma ni la tatu, dogo kabisa. Ukiyatibu kwa dawa moja utaendelea kulipa bila kupona.

Nianze na hili la uzee, maana linawafanya watu wengi watupe mashine nzuri. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haichoki kama mguu wa binadamu. Core i3 yako inapiga hesabu leo kwa kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Vilivyobadilika ni vile vinavyoizunguka: tovuti na programu zimekuwa nzito kuliko za miaka ile, vumbi limejaa, pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa imekauka, na diski, ambayo ina vyuma vinavyozunguka na kusogea, imechakaa kweli. Fundi wa tatu alisema kweli kwamba kuna kitu kimezeeka, ila hakukuonyesha ni kipi.

Diski ya aina yako ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika katika kompyuta za mezani, na mkono mwembamba unaosogea juu yake kutafuta data, mfano wa sindano ya santuri. Kila faili ndogo inapotakiwa, mkono usogee, kisha usubiri sahani izunguke hadi data ifike chini yake. Kwa wastani hiyo ni kama milisekunde 12. Ni muda mdogo sana, lakini ukiugawa katika sekunde moja utaona kwamba diski haiwezi kufikia zaidi ya sehemu mia moja hivi kwa sekunde, wakati Windows inapowaka huhitaji maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. Chai yako inapikwa humo, Mama. Prosesa imekaa tu inasubiri.

Kuganda ambako kipanya kinasimama halafu kinarudi kwaweza kuwa na sababu mbaya zaidi. Sehemu fulani za sahani zikichakaa, diski ikishindwa kusoma hujaribu tena na tena kabla ya kukata tamaa, na wakati huo kila kitu kinaisubiri. Ukiona taa ya diski imewaka mfululizo bila kupepesa wakati kompyuta imeganda, au ukisikia tiki-tiki inayojirudia, hiyo ndiyo dalili. Na hapo ndipo unapopata jibu la fumbo la wiki mbili. Fundi anapopiga Windows upya, faili huandikwa mahali papya, mara nyingi penye afya, na zinakuwa zimepangana. Kompyuta inachangamka. Baada ya muda masasisho yanaingia, faili zinatawanyika na kugusa tena sehemu mbovu, na mnarudi mlikokuwa. Kama ugonjwa ungekuwa ndani ya Windows, matibabu matatu yangetosha.

Usiniamini kwa maneno tu; unaweza kuona mwenyewe. Kompyuta ikiwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Ikiwa diski iko asilimia 100 kwa dakika nyingi huku prosesa ikiwa chini, mshtakiwa amepatikana. Kisha mwombe binti yako ashushe programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Hiyo husoma daftari ambalo diski yenyewe huliandika kuhusu afya yake. Rangi ya bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Tazama safu za 05, C5 na C6: ya kwanza inahesabu sehemu zilizokwisha kufa na kubadilishwa, nyingine mbili zinahusu sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma. Upande wa mwisho wa safu hizo ukionyesha sifuri tupu, nimeishuku bure na nitaiomba radhi. Ukionyesha namba nyingine, hasa inayoongezeka wiki hadi wiki, diski hiyo haifai tena kubeba kitu unachokithamini, hata kama leo inawaka vizuri.

Juu ya diski dhaifu mmeongeza mizigo miwili. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya muda, ya GB 4 inaliwa karibu nusu na Windows 10 yenyewe kabla hujafungua chochote. Binti akifungua kurasa kadhaa za intaneti pamoja na Word, nafasi inakwisha, na Windows inaanza kuhamishia vitu vya muda kwenye diski, ileile iliyokwisha kulemewa. Mzigo wa pili ni antivirusi mbili. Kila moja inataka kuikagua kila faili inayofunguliwa, kwa hiyo faili moja inapita mikononi mwa walinzi wawili wasioaminiana. Ziondoe zote mbili. Kinga ya Defender iliyomo ndani ya Windows 10 inatosha kwa nyumba yako. Sisemi virusi havipo. Flashi zinazozunguka kati ya shule na vibanda vya kuchapa huleta kile kirusi kinachogeuza folda kuwa njia za mkato, na watu hudhani kazi zao zimefutwa kumbe zimefichwa tu. Lakini kirusi hakisababishi kompyuta kuzimika jirani anapowasha mashine ya kuchomelea. Swali moja zaidi kuhusu yule fundi wa Windows: je, alizima kinga ili aweke kifaa cha kuhalalisha Windows isiyolipiwa? Vifaa hivyo ni mlango mpana wa virusi. Muulize waziwazi.

Sasa tuje kwenye kujizima. Tofautisha skrini ya bluu yenye maandishi na giza la ghafla. Skrini ya bluu maana yake Windows imekutana na kosa na kuamua kusimama; piga picha ya maandishi yake kwa simu, yanamsaidia fundi. Giza la ghafla ni jambo la umeme au joto, Windows haikuulizwa. Wewe umenieleza la pili, na umetaja mashine ya kuchomelea, jambo ambalo mafundi wako walipaswa kuliuliza.

Mashine ile inapogusa chuma huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na nguvu katika laini mnayochangia hushuka kwa kitambo. Taa zako zikififia wakati huo, umeshapata ushahidi. Ndani ya kompyuta kuna pawa saplai, kile kisanduku cha bati pale waya mkuu unapoingia, na ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme kidogo. Pawa saplai nzuri ikiwa mpya inaweza kuibeba kompyuta takribani milisekunde 16 bila umeme kutoka nje. Kapasita zikizeeka, akiba hiyo inapungua, na mshuko ambao zamani haukuonekana sasa unaiangusha mashine. Na kila inapoanguka diski ikiwa katikati ya kuandika, faili zinaharibika, pengine hata Windows. Hivyo tatizo la pili linalilisha la kwanza.

Lakini mchana pia kuna joto, na sitaki kumsingizia jirani. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza kasi ili ijiokoe, na isipofaa kompyuta hujizima. Jaribu hivi: ikizimika, iwashe papo hapo. Ikizimika tena baada ya dakika chache, lakini ukiiacha nusu saa inadumu muda mrefu, hilo ni joto. Ikizimika tu pale taa zinapofifia, hata asubuhi ikiwa baridi, huo ni umeme. Inawezekana yakawa yote mawili. Na kama fundi atafungua kumbukumbu za Windows akakuonyesha kosa la "Kernel-Power 41" na kusema ndilo linalothibitisha kwamba pawa saplai ni mbovu, usikubali haraka. Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa. Haisemi kwa nini.

Vumbi unaweza kulishughulikia mwenyewe, na Busia, na malori yale, lazima lipo. Chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa sanduku nje ya nyumba, gusa bati lake kabla ya kugusa chochote ndani, kisha pulizia kwa blowa au futa kwa brashi laini kavu. Shikilia panga za feni kwa kidole zisizunguke kwa upepo wa blowa. Usitumie kitambaa chenye maji. Pesti ya prosesa aibadilishe fundi. Ni kazi ndogo kwake. Pawa saplai usiifungue kamwe, wewe wala kijana wako, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Ukiwa umefungua hapo utaona betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Hiyo ndiyo inayotunza saa kompyuta ikiwa imechomolewa, na yako imekwisha. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini tuko mwaka 2012 inaona vyeti vya leo havijaanza kazi, na inakataa. Nunua betri mpya, rekebisha tarehe, tovuti zitarudi. Hiyo ndiyo tiba rahisi kuliko zote.

Kuhusu laki mbili na nusu: kama CrystalDiskInfo itathibitisha ugonjwa, na hata kama diski ni nzima lakini iko asilimia 100 kila mara, pesa ya kwanza iende kwenye SSD ya GB 240 au 256. SSD haina sahani wala mkono. Inafikia maelfu ya sehemu kwa sekunde, na kompyuta ya umri wa yako huanza kuwaka kwa muda ulio chini ya dakika moja. Sijaona matengenezo mengine yanayobadilisha mashine ya zamani kiasi hiki. Tena ukinunua kompyuta nyingine baadaye, utaweza kuihamisha SSD hiyo. Muulize fundi kama bei yake inajumuisha kebo ya kuiunganisha, na mwambie aweke Windows mpya juu ya SSD badala ya kunakili ile ya diski mbovu pamoja na makosa yake.

Pesa ya pili iende kwenye RAM, ifike GB 8. Kompyuta yako hutumia DDR3 ya mezani. Ya laptopu ni fupi na haiingii. Lakini kwanza angalia kwenye mipangilio kama Windows yako ni ya biti 64. Ikiwa fundi aliweka ya biti 32, kompyuta haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiongeza RAM ya kujaza kikapu. Kikibaki kitu, weka akiba ya UPS, kifaa chenye betri kinachoibeba kompyuta umeme ukikatika au kushuka, maana stabilaiza ya kawaida haiwezi kuikamata mishuko mifupi kama ile ya kuchomelea. Hadi hapo, elewana na jirani kuhusu saa zake, na ngurumo zikianza uchomoe waya ukutani, kuzima swichi pekee hakutoshi.

Kuna jambo lazima niliseme wazi kuhusu Windows 10. Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo katika zile zinazokubaliwa na Windows 11. Waliojiandikisha kwa nyongeza ya usalama wamepewa mwaka mmoja zaidi, na ningekushauri ufanye hivyo. Baada ya hapo njia ya kudumu ni Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, ambao ni wa bure, unakaa vizuri kwenye mashine hii na unakuja na LibreOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu badala ya Word na Excel. Tatizo ni binti: kama shuleni anafundishwa na kupimwa kwa Word na Excel, mpangilio wa LibreOffice utamchanganya karibu na mtihani. Ningemwachia Windows mpaka amalize S.6.

Je, kununua nyingine? Kwa pesa hiyo utapata iliyotumika yenye umri karibu na huu, ikiwa na diski ya kuzunguka ambayo hujui historia yake. Ushauri wangu ni kutengeneza hii. Ningebadili mawazo kama fundi akikuonyesha kwenye madabodi, ile bodi kuu ndani ya sanduku, kapasita zilizovimba kichwani au zinazovuja, au kama pawa saplai na diski vyote vimekufa pamoja.

Mambo mengine usiyajaribu mwenyewe. Ukinusa kuungua, chomoa na usiiwashe tena. Ukihisi mtetemo wa umeme unapogusa bati la sanduku, hilo halimhusu fundi wa kompyuta. Mwite fundi umeme mwenye leseni akague waya wa ardhi wa nyumba, kwa sababu soketi nyingi zina tundu la tatu lisilounganishwa na kitu, na mtoto anaweza kuumia. Na ikiwa diski itaacha kuonekana kabla hujamaliza kunakili picha, izime hapohapo. Kila dakika ya kuzunguka inapunguza nafasi ya kuziokoa. Tafuta anayefanya kazi ya kuokoa data hasa, ambaye atakuambia bei kabla ya kuigusa. Wa namna hiyo utampata Kampala kwa urahisi zaidi.

Ukiipeleka kwa fundi, kaa naye akifungua kama muda unaruhusu, na mwombe akuonyeshe ukurasa wa CrystalDiskInfo kabla na baada. Diski ya zamani irudi nyumbani nawe. Ina majina, namba za simu na michango ya wanakikundi, na isiuzwe wala kuachwa dukani, hata kama imekufa kabisa.